Bitana Inayokula Koti

Kila asubuhi Bibi Kopo aliamka kabla ya wenzake. Alichemsha maji, akamimina mengine kwenye birika la chai na mengine kwenye beseni. Maji ya beseni yalikuwa ya mkwewe. Mkwewe alikuwa fundi wa kushona nguo, na kwa miezi sasa vidole vyake vilikuwa havikunjiki asubuhi mpaka vilowekwe kwanza.

Jina la Bibi Kopo lilitokana na kopo kweli. Lilikuwa kopo la bati la biskuti, na ndani yake mlikuwa na kila kidonge kilichowahi kubaki katika nyumba ile. Vidonge vilikaa humo bila pakiti, vimechanganyika ovyo. Bibi alivijua kwa rangi. Cheupe kikubwa cha kichwa, cha waridi cha homa, cha kahawia cha mgongo. Jirani akishikwa na tumbo, alipiga hodi kwa Bibi Kopo. Bibi hakumnyima mtu, wala hakumwuliza mtu swali la pili. Roho yake ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyelikataa.

"Umeamkaje, mwanangu?" aliuliza asubuhi moja.

"Mimi nimeamka, Mama. Mikono ndiyo bado imelala."

"Itaamka. Lete hapa."

Bibi alimfunga mkwewe vifungo vya gauni, kimoja kimoja, kama mtoto wa chekechea. Wote wawili wakacheka. Fundi mzima, anashonea watu vifungo, vyake vinamshinda!

"Ni baridi tu hii," Bibi alisema. "Unapiga pasi, mikono ina moto, halafu unanawa maji ya bombani. Moto na baridi vimegombana kwenye mifupa. Hata goti langu lilianza hivyo hivyo. Haya, meza hivi viwili."

Fundi akameza. Alikuwa amezoea kupokea vidonge kutoka kiganjani mwa mama mkwe wake bila kuvitazama. Baada ya muda maumivu yalipungua, naye akaketi kwenye cherehani. Lakini uvimbe haukuondoka. Vifundo vya vidole vilikuwa vimejaa na vina joto, mkono wa kulia na wa kushoto.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na nguo za wateja zilining'inia ukutani. Siku hizi Fundi alichora kwa chaki, na Bibi ndiye aliyekata, kwa sababu mkasi ule mkubwa ulikuwa umemshinda mwenyewe. Bibi alikata kwa bidii nyingi na unyoofu kidogo.

Mwanawe Bibi, mume wa Fundi, alikuwa dereva wa lori. Aliondoka wiki nzima, pengine mbili. Juzi alikuwa amepiga simu na kusema kwa upole, "Kama mikono imechoka, tuiuze hiyo cherehani, upumzike." Fundi alirudi kwenye cherehani. Siku hiyo alishona mpaka jioni bila kuimba, na si kawaida yake. Bibi alielewa. Mkwe wake alikuwa na hofu moja, kwamba siku moja mikono ile isingeweza kushika sindano kabisa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu."

Aliingia mwanamke mwenye furushi la kitambaa cheupe. Alimwamkia Bibi kwanza. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti. Keti."

Mgeni alieleza kwamba anafanya kazi katika maabara ya hospitali kubwa. Yeye na wenzake walitaka makoti meupe ya kazi, kwa maana yale ya dukani yaliwapwaya kama mahema. Tangu hapo Bibi alimwita Makoti, na jina likashika.

Makoti alimtazama Bibi akikata kitambaa cha mtu mwingine, ulimi nje.

"Mbona Mama ndiye anayekata?"

"Mkwe wangu ana baridi mikononi," Bibi alijibu. "Mimi ndiye mkasi wake."

Makoti akamgeukia Fundi. "Dada, unaniruhusu nione?" Alimshika vidole taratibu. "Asubuhi vinakaza kwa muda gani?"

"Kidogo tu," alisema Bibi.

"Mama!" alisema Fundi. "Vinakaza mpaka chai imenywewa, vyombo vimeoshwa, na jua limefika mlangoni. Ni zaidi ya saa nzima. Na ni mikono yote miwili. Vidole vya miguu pia. Halafu nachoka, dada. Nachoka kama niliyelima shamba zima."

"Kama mimi na goti langu," alisema Bibi.

"Goti lako linauma saa ngapi, Mama?"

"Jioni, nikiwa nimetembea. Nikikaa linatulia. Asubuhi ni hatua mbili tatu tu, limelainika."

"Basi huenda yako ni mengine na yake ni mengine," alisema Makoti. "La kwako laweza kuwa limechakaa kwa umri na kazi. Lakini kiungo kinachovimba, kina joto, na kinakaza asubuhi muda mrefu hivi, pande zote mbili, hicho kinataka daktari. Mimi si daktari. Kazi yangu ni utafiti. Tunachunguza kinachoota ndani ya viungo vya watu wenye ugonjwa wa namna hii."

"Kinachoota?" Fundi aliuliza. "Ndani ya kidole?"

Ukutani palining'inia koti la mteja, nusu limeshonwa. Makoti alilishusha na kuligeuza ndani nje.

"Hii inaitwaje?"

Fundi akacheka. "Bitana. Unanitahini, dada?"

"Na kazi yake?"

"Koti liteleze. Mkono uingie bila kukwama."

"Kiungo nacho kina bitana yake," alisema Makoti. "Ni utando mwembamba sana. Unatoa ute wa kulainisha. Na pale mifupa inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu, laini, la kuteleza. Sasa, mwili una kinga yake ya kupigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, kinga inakosea. Inaishambulia bitana. Bitana inavimba, inanenepa, inaota kupita kiasi. Inatambaa juu ya gegedu na kulila. Ikiachwa inaingia mpaka kwenye mfupa."

Fundi alishika ule upindo wa hariri akautazama. "Bitana inayokula koti," alisema polepole.

"Ndiyo hiyo hasa."

"Na vidonge vyangu?" Bibi aliuliza. Swali lilikuwa na mwiba ndani yake.

"Vinapunguza maumivu, Mama, na uvimbe kidogo. Lakini bitana inaendelea kuota chini kwa chini. Na vikimezwa kila siku bila kipimo, tumbo na figo vinaumia." Makoti akamgeukia Fundi. "Nenda wiki hii, dada. Gegedu likishaliwa, halishonwi tena."

Makoti alipokwisha kupimwa koti na kuondoka, Bibi alifyonya. "Amekuja kushonewa koti, ameondoka ametushonea ugonjwa."

"Nitakwenda kesho, Mama, nikasikie tu."

Nani asiyeijua kesho ya fundi wa nguo? Mtu anapeleka kitambaa cha harusi, anavaa wakati wa ubatizo. Kesho ikaja, ikapita. Zikaja nyingine. Bibi hakumhimiza, na moyoni aliona afadhali hivyo. Angekubalije kwamba miezi yote ile alikuwa akitibu kitu asichokijua?

Ikawa siku moja Fundi anapiga pasi koti la kwanza jeupe. Aliinua pasi, na mkono ukamwachia. Pasi ilianguka juu ya mkono wa koti. Harufu ya kuungua ilijaa chumba. Bibi alikimbia, akaichomoa pasi, lakini alama ya kahawia ilikuwa imekwisha kuchorwa.

Fundi hakulia kwa sababu ya koti. Aliketi kwenye kigoda, akaviweka viganja juu ya mapaja, akavitazama.

"Mama, mikono yangu inaniacha."

Bibi aliogopa. Aliogopa kuliko siku aliyozaa, kuliko siku aliyofiwa na mumewe. Alivua kanga ya kazini, akavaa ya kutokea.

"Vaa viatu," alisema. "Leo hakuna kesho."

Katika hospitali ya akina Makoti, daktari alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alimbonyeza Fundi kiungo kimoja kimoja, akachukua damu, akaagiza picha ya mifupa. Halafu akakipaka kifundo cha mkono mafuta mazito na kupitisha juu yake mashine inayoonyesha ndani kwenye skrini. Majibu yalipokuwa tayari aliwaketisha wote wawili.

"Wengi huuita baridi yabisi," alisema. "Lakini si baridi iliyouleta."

"Si maji ya bombani?" Bibi aliuliza.

"Hapana, Mama. Hakujiletea. Wala hauambukizi. Bitana ya viungo vyake imenenepa, na mfupa mmoja wa kifundo umeanza kung'atwa pembeni. Ni kidogo. Mngechelewa tungekuwa tunazungumza mengine."

"Unapona?"

"Kuung'oa kabisa bado hatuwezi. Kuutuliza tunaweza, na watu wengi wanarudi kazini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumewahi ufa."

Akaeleza dawa. Ilikuwa vidonge vidogo vya njano. Vingemezwa mara moja kwa wiki, Jumamosi tu. Siku nyingine angemeza kidonge cha vitamini cha kupunguza madhara. Damu ingepimwa kila baada ya muda, kuangalia ini na chembe za damu. Asishike mimba akiwa kwenye dawa ile, na akitaka mtoto aje kwanza wazungumze. "Na uwe na subira," alimaliza. "Nafuu itakuja baada ya wiki kadhaa, si kesho asubuhi."

Kisha akakohoa kidogo. "Kuna jambo jingine, na hili ni ombi. Hapa tunafanya utafiti. Kwa ruhusa yako, kabla hujaanza dawa, tunaweza kutoa kipande cha hiyo bitana. Tunatia ganzi, tunaingiza sindano tukiangalia kwenye skrini. Ukikataa, matibabu yako hayapungui hata chembe."

"Mnataka kumkata nyama!" alisema Bibi.

"Kama punje ya mchele, Mama. Hatujui bado kwa nini bitana huota hivi. Wala kwa nini dawa moja inamfaa huyu na yule haimfai. Tutayajua kwa kuitazama yenyewe."

"Itanisaidia mimi?" Fundi aliuliza.

"Nisikudanganye. Huenda isikusaidie wewe. Huenda ikamsaidia atakayekuja nyuma yako."

Fundi alifikiri. "Sisi mafundi hatutupi vipande," alisema. "Chukueni."

Aliumwa kidogo ganzi ilipoingia, basi. Alirudi nyumbani na bandeji ndogo na pakiti ya vidonge vya njano.

Na hapo ndipo mkono wa mazoea ulipofanya kazi yake. Bibi alivitoa vidonge kwenye pakiti akavimwaga kwenye kopo, kama alivyofanya siku zote. Pakiti yenye maandishi ilikwenda jalalani. Jumamosi ya kwanza alimpa Fundi dozi yake. Jumamosi ya pili vilevile, na ya tatu. Vidole bado vilikuwa vimevimba. Bibi alianza kunung'unika.

"Dawa gani ya mara moja kwa wiki? Hata kuku hulishwa kila siku!"

Usimcheke. Alikuwa akimfunga mkwewe vifungo kila asubuhi, na kila kifungo kilimchoma moyo. Haba na haba hujaza kibaba, aliwaza. Jumatatu akachukua vidonge vya njano, akavitia kiganjani pamoja na vile vya maumivu. Fundi akameza bila kutazama. Jumanne akafanya hivyo tena.

Jumanne hiyo hiyo Makoti alikuja kujaribu koti lake. Fundi alikuwa amelala chumbani. Alisema mdomo unamwasha na mwili umemwishia nguvu.

"Anaendeleaje na dawa?" Makoti aliuliza, mkono mmoja umeingia kwenye koti, mwingine bado.

"Atapona upesi," Bibi alisema kwa fahari. "Nimemwongezea. Jana nimempa, na leo nimempa."

Makoti alisimama kama alivyo, nusu amevaa. "Mama, vile vya Jumamosi?"

"Ndivyo."

Makoti alivua koti. "Mwamshe. Tunakwenda hospitali sasa hivi. Nitakueleza njiani."

Na njiani alieleza, kwa sauti ya chini. Dawa ile huzuia chembe za mwili zisiongezeke ovyo. Mara moja kwa wiki, hutuliza kinga iliyokosea. Ikitolewa kila siku, huzuia hata damu isitengenezwe, na mdomo na utumbo vikajaa vidonda. Watu wamewahi kufa kwa kosa hilo hilo. Bibi aliuvuta mkono wa Fundi, akaukumbatia kifuani. 

Daktari hakumgombeza. Alichukua damu, akampa Fundi dawa ya kukata makali ya ile iliyozidi, akamlaza aangaliwe. Bibi aliketi kando ya kitanda, mikono imeshikana.

"Mwanangu, ni mimi niliyekufanyia haya."

"Najua ni wewe, Mama. Nani mwingine ananipa dawa?" Fundi alijaribu kutabasamu. "Hukutaka kuniumiza."

"Kuua hakungoji kutaka," alisema Bibi, na machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyaficha.

Majibu ya damu yalirudi mazuri. Walikuwa wamewahi. Kabla ya kuwaruhusu, mtu wa dirisha la dawa alimfundisha Bibi mambo aliyoyasikiliza kama mwanafunzi. Dawa ikae kwenye pakiti yake yenye jina la mgonjwa. Dawa ya mtu haimfai mwingine kwa sababu tu wote wanaumwa. Anayemeza asome kwanza, aulize, ndipo ameze. Siku ya pili Bibi alilibeba kopo lake mpaka dirishani pale, likamwagwa lote kwa ajili ya kuteketezwa. Lake jina halikubadilika. Jina la utani halirudishwi dukani.

Na kwa kuwa alikuwa pale pale, alikubali goti lake liangaliwe. Kweli lilikuwa limechakaa tu. Walimfundisha mazoezi ya kuimarisha paja, akawa anayafanya akishikilia meza ya kukatia, na kuwalazimisha wateja wamhesabie.

Fundi alipoanza tena dawa, alikuwa anaitoa mwenyewe kwenye pakiti, Jumamosi. Nafuu ilikuja kimyakimya. Asubuhi moja maji ya beseni yalipoa bila kuguswa. Nyingine, Fundi alikata shingo ya gauni, mviringo safi. Uchovu nao ukapungua, na nyimbo zikarudi, pamoja na ile mbaya ambayo Bibi hakuipenda. Dereva aliporudi safari akaikuta cherehani inanguruma. Habari ya kuuza aliimeza na chai.

Makoti aliwaalika maabara siku waliyoitwa wote waliotoa vipande. Juu ya meza palikuwa na hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Bibi akaweka jicho.

"Naona ufito mwembamba wa zambarau."

"Hiyo ni bitana nzima, isiyo na ugonjwa. Sasa tazama hii." Makoti alibadilisha kioo.

Bibi alirudisha jicho. Ule ufito haukuwapo tena. Palikuwa na kitu kinene, kimejaa, kimesukumana mpaka ukingoni.

"Hiki ni cha nani?"

"Changu, Mama," alisema Fundi. Alikuwa ameambiwa. "Kabla ya dawa."

"Na mimi nilikuwa naisingizia baridi," Bibi alinong'ona. Kisha akainua uso. "Sasa mmeshajua kwa nini inaota?"

"Bado, Mama," alisema Makoti. "Tumeona kwamba bitana za wagonjwa hazifanani. Ya huyu imejaa chembe hizi, ya yule zile. Tunatafuta kama hilo linaweza kutuambia mapema dawa ipi ni ya nani, mtu asipoteze miezi akijaribu. Kazi bado ni ndefu."

"Basi fanyeni," alisema Bibi. "Vipande tutaleta."

Walipita kliniki kabla ya kwenda nyumbani, kwa maana ilikuwa siku ya kupimwa. Daktari aliangalia majibu ya damu, akabonyeza vifundo, akaridhika. Akanyoosha vidole vyake viwili kupima nguvu za mkono.

"Nibane."

"Subiri, daktari," alisema Bibi. Alisukuma kiti mbele, akaweka mkono wake wa kizee mezani. "Anibane mimi. Nataka kujua mwenyewe."

"Mama, nitakuumiza."

"Bana!"

Fundi akaushika mkono wa mama mkwe wake. Alianza taratibu. Halafu akakaza. Akakaza zaidi.

"Mama weee!" Bibi alipiga ukelele, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mkono hakuuondoa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na meno yote machache aliyobakiwa nayo yalikuwa nje.

"Umeumia, Mama?" daktari aliuliza.

"Ameniumiza, daktari," alisema Bibi Kopo. "Tena sana! Mungu ashukuriwe, mwanangu ameniumiza."